Uvimbe wa Shingo wa Pemba, Mionzi ya Dar

Uvimbe wa shingoni kwa mtoto huwa na majina mengi kabla haujafika kwa daktari. Ukiwa chini ya sikio utaitwa perema. Ukiwa mgumu na hauumi, watu watasema ni tezi tu, itanywea. Yuko atakayesema jino linamsumbua, na yuko atakayesema kwa sauti ya chini kwamba mtoto kahusudiwa. Utakandwa kwa maji ya moto, utapakwa mafuta, litaandikwa kombe, na vidonge vya duka la dawa vitamezwa siku tano. Siyasemi haya kwa kejeli. Mara nyingi majina hayo huwa ya kweli: tezi za watoto huvimba kwa mafua, kwa jino bovu, kwa kidonda cha kichwani, kisha hunywea na watu wakasahau. Ninaouzungumza mimi ni ule mmoja ambao haunywei.

Saratani ya nyuma ya pua ni ugonjwa adimu kwa watoto. Huko Ulaya na Marekani haifiki hata moja katika kila saratani mia za watoto. Kwa sensa ya 2022, Pemba ina watu 543,441, na Zanzibar nzima 1,889,773. Hata ukikisia kwa kuzidisha, wagonjwa wapya wa chini ya miaka 20 kwa mwaka watahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na miaka mingine vidole vitabaki vimekunjwa. Msomaji ana haki ya kuuliza: basi makala mazima ya nini? Ni kwa sababu ugonjwa huu hutibika kwa watoto wengi hata ukichelewa kugunduliwa, na kwa sababu njia ya tiba yake inaonyesha wazi namna tunavyoweka nguvu zetu pahala sipo.

Hoja yangu niiseme mapema. Mtoto wa Pemba mwenye ugonjwa huu hapaswi kutibiwa Pemba, wala Unguja. Atibiwe Dar es Salaam, na tusione haya kulisema hilo. Kilicho chetu ni miezi ya kabla hajavuka na miaka yote ya baada ya kurudi. Huko ndiko anakopotea.

Tuanze na mahali penyewe, maana hapaonekani kwa kumwambia mtoto afungue mdomo. Ni pale pua inapoishia na koo linapoanzia, juu ya kilimi, chini kabisa ya mfupa uliobeba ubongo. Ni kama ukumbi mdogo wenye milango: mbele pua, chini koo, na kila upande tundu la mrija unaokwenda sikioni. Uvimbe ukiota humo hauna pa kujionyesha, basi huanza kusumbua majirani. Ukiziba mrija, sikio moja linakuwa kama limeingia maji. Ukielekea mbele, pua inaziba upande mmoja, sauti inakuwa ya puani, na muhina, yaani damu ya puani, unatoka bila mtoto kupigwa wala kuanguka. Ukipanda juu unabana mishipa ya fahamu, mtoto akaanza kuona vitu viwili viwili. Na kwa kuwa pale pana njia nyingi za kuelekea kwenye tezi za shingo, mara nyingi kitu cha kwanza ambacho watu wa nyumbani wanakiona ni uvimbe wa shingoni. Habari za pua na sikio huja kukumbukwa baadaye, daktari anapouliza.

Tumchukue kijana wa kubuni, miaka 14, Kidato cha Kwanza, kwao Micheweni. Uvimbe wameuona mwezi wa Shaaban. Sikio la kulia limeziba tangu kabla ya hapo, lakini hakumwambia mtu, maana mvulana wa umri ule haendi kwa mama yake kulalamikia sikio. Skuli mwalimu amemwita mara mbili hakuitika, akamwandika mkaidi. Kituo cha afya kimempa antibiotiki, kikamwambia arudi. Akarudi, akapewa nyingine. Ramadhani ikapita, Sikukuu ikapita, na baba yake akaamua kumpeleka hospitali ya Chake Chake.

Hapo Chake pana mtego ambao hauna mwenyewe wa kulaumiwa: kifua kikuu cha tezi. Kwetu ni ugonjwa wa kweli na haujapotea, na daktari anayeufikiria kwanza hakukosea. Kosa huanza pale dawa za kifua kikuu zinapoanzishwa bila uvimbe kupimwa, kisha usipopungua watu wakaambiana kwamba dawa zenyewe ni za miezi sita, tuvute subira. Subira hiyo ndiyo inayotumaliza. Ningetamani kila mhudumu wa kituo cha afya, kuanzia Makangale mpaka Makunduchi, awe na jambo moja tu kichwani: uvimbe wa shingo uliopindukia wiki nne, ukiwa pamoja na sikio moja lililoziba, au pua iliyoziba upande mmoja, au muhina unaorudiarudia, mtoto huyo akaangaliwe nyuma ya pua kwa kamera. Ile kamera nyembamba inayopitishwa puani haihitaji mtu kulazwa.

Lakini haraka nayo ina adabu zake. Mvulana wa umri wa kubalehe anayetoka muhina mwingi huenda ana uvimbe wa namna nyingine kabisa, usio saratani, uliojaa mishipa ya damu. Madaktari huuita anjiofibroma. Ukikatwa kinyama, yaani kipande kidogo cha kupima, kwa pupa, damu inaweza kushindikana kuzuiwa. Ndiyo maana kwa kijana kama huyo picha ya CT hutangulia, kinyama kikafuata pale tu picha isipoonyesha uvimbe huo. Na uvimbe wa taya unaokua kwa siku badala ya miezi, wa kufikiriwa kwanza ni ule wa Burkitt, saratani nyingine ya watoto, ambao tiba yake ni dawa za dripu, tena upesi, bila mionzi. Kwa hiyo mama anaona kitu kimoja, mtoto kavimba, lakini nyuma yake yanaweza kujificha magonjwa manne yenye tiba nne zisizofanana, na mara nyingi cha kuamua ni kile kinyama.

Kinyama kinahitaji mtu wa kukikata, chupa yenye formalini, usafiri, na mtaalamu wa patholojia wa kukisoma kwenye darubini. Kisha karatasi ya majibu irudi mikononi mwa aliyeiomba. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Sielewi kwa nini tumeona ni kazi ya mgonjwa kufuatilia karatasi yake mwenyewe, tena kwa boti.

Wazazi wakishalisikia jina la ugonjwa, swali la kwanza huwa ni moja: kaipata wapi? Sehemu ya jibu ilianzia hapa hapa jirani. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya aliokuwa akiuona kwa watoto wa Uganda. Mwaka 1961 alitoa mhadhara London, na miongoni mwa waliokuja kumsikiliza alikuwamo Anthony Epstein, aliyeomba apelekewe vinyama vya wagonjwa hao kwa ndege. Mwaka 1964 yeye na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kwamba wameona kirusi ndani ya chembe za uvimbe. Kirusi hicho, Epstein-Barr, ndicho kinachokutwa karibu kila mara katika saratani ya nyuma ya pua ya watoto.

Ila kirusi chenyewe ni cha kila mtu. Zaidi ya watu wazima 9 katika 10 duniani wanacho, na hupitia kwenye mate: kikombe cha pamoja, busu, mama anayemtafunia mtoto chakula. Kwetu Afrika Mashariki wengi wetu hukipata tukiwa bado wadogo, kikatulia mwilini maisha yetu yote bila kutudhuru. Kwa nini kwa mtoto mmoja katika maelfu kiwe chanzo cha saratani ni mchanganyiko wa alichorithi na mengine yasiyo na jina la mtu. Hakuna aliyekosea. Na saratani yenyewe haiambukizi, kwa hiyo kijana asitengewe kikombe wala godoro.

Kuna na la samaki, na najua litaulizwa, basi nilitangulize. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limewaweka samaki wa chumvi wa mtindo wa Kichina katika orodha ya visababishi vya saratani hii. Ushahidi huo umetoka hasa kwa watu wa kusini mwa China, waliolishwa samaki hao tangu utotoni, wakati wa kuachishwa ziwa. Kuuchukua kama ulivyo ukaubandika juu ya ng'onda na papa mkavu wa Pemba ni kuruka mto bila daraja. Mtoto mchanga hafai kulishwa vitu vya chumvi kali kwa sababu nyingine tunazozijua, lakini mama asije akakesha akilia kwa ajili ya papa wa nazi.

Nikishataja China, kuna jambo hunishangaza. Nchi hiyo imekuwa ikituletea timu za madaktari Zanzibar tangu 1964, kutoka jimbo la Jiangsu, na Hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani imejengwa upya kwa msaada wao. Hakuna taifa linaloijua saratani ya nyuma ya pua kuliko wao; katika jimbo la Guangdong ni miongoni mwa saratani zinazojulikana hata na watu wa kawaida mitaani. Tumewategemea kwa upasuaji, kwa macho, kwa meno. Sijapata kusikia tukiwaomba wakae siku mbili na wahudumu wa vituo vya Micheweni na Konde wawaonyeshe shingo ya kutilia shaka inavyokuwa.

Baba wa kijana wetu, mtu wa vitendo, atauliza kwa nini wasiukate tu ukaisha. Swali zuri. Mahali pale pamezungukwa na mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo na ile ya fahamu inayokwenda machoni na usoni, na mpaka uonekane, mara nyingi tayari umeshafika kwenye tezi za shingo. Kisu hakiwezi kuumaliza. Bahati ni kwamba aina inayowapata watoto inasikia mionzi na inasikia dawa.

Mpango wa tiba unaofuatwa sehemu nyingi ni huu. Huanza dawa mbili za dripu, sisplatini na fluorourasili, mizunguko mitatu, kila mmoja wiki tatu baada ya mwenzake. Kisha mionzi, Jumatatu mpaka Ijumaa, mara thelathini na kitu, karibu wiki saba, huku sisplatini ikirudiwa humo katikati. Kundi la watafiti wa saratani za watoto la Marekani lilitoa matokeo yake mwaka 2019: watoto na vijana 111 waliotibiwa kwa namna hii, na baada ya miaka 5 karibu asilimia 89 walikuwa hai. Walio wengi miongoni mwao walianza tiba ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Kwa saratani za watu wazima tulizozizoea, ukisikia hatua ya nne watu wa nyumbani huanza kuitana. Hapa hawana haja ya kuitana bado.

Wajerumani nao, katika utafiti wa wagonjwa 45 uliotolewa mwaka 2012, waliongeza dawa ya interferoni kwa miezi sita baada ya mionzi, na matokeo yao kwa muda waliowafuatilia yalikuwa mazuri zaidi, ingawa muda wenyewe ulikuwa mfupi. Dawa hiyo ni ghali. Mtu akikuambia kwamba mtoto wako hawezi kupona kwa kuwa Tanzania hapatikani tiba ya Ujerumani, mwambie Wamarekani hawakuitumia na wakafika karibu na pale pale. Sisplatini iliruhusiwa Marekani tangu 1978, fluorourasili ni kongwe zaidi, na zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Siku hizi kuna dawa mpya zinazoamsha kinga ya mwili, zinazojaribiwa na nyingine zimeanza kutumika kwa watu wazima. Zije tu. Kijana wa Micheweni hafi kwa kukosa hizo.

Katika utafiti ule wa Marekani, lililonikaa mimi ni moja lisilotajwa sana. Wale ambao uvimbe wao ulinywea vizuri kwa dawa za mwanzo walipunguziwa kipimo cha mionzi, kikawa greyi 61 badala ya 71. Hawa ni watoto. Mzee wa miaka 65 ukimtia mionzi mingi unahesabu miaka kumi ya kuishi na madhara yake. Kijana wa miaka 14 unahesabu hamsini, sitini. Nitarudi hapo.

Sasa tuje kwenye mashine. Kwa miaka yote hii, Mzanzibari anayehitaji mionzi amekuwa akivuka bahari kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, lile jengo la Wajerumani la ufukweni, lililofanywa taasisi mwaka 1996 na ambalo tangu 2018 lina mashine za kisasa zinazolenga kwa usahihi mkubwa kuliko zile za kobalti. Kila tukizungumza saratani Zanzibar, mazungumzo huishia hapo: lini na sisi tutapata yetu. Ije, tena kesho. Wanawake wenye saratani ya shingo ya kizazi wanaipanda boti ile wakiwa wanatoka damu, na hao ni wengi, na kwa ajili yao mashine ni haki. Lakini kwa mtoto huyu, mmoja katika mwaka mzima, ningemkataza mzazi kumweka chini ya mashine iliyofunguliwa juzi. Kupiga mionzi nyuma ya pua ya mtoto ni kazi ya unyoya. Milimita chache juu pana shina la ubongo, mbele pana mishipa ya macho, kando pana sikio la ndani na tezi za mate. Kichwa hufungwa kwa barakoa ya plastiki iliyotengenezwa kwa sura ya mtoto mwenyewe asitikisike, na mpango huchorwa kipande kwa kipande na daktari pamoja na mwanafizikia. Mkono wa kazi hiyo huzoea kwa kurudia, na hakuna anayezoea kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka.

Kwa hoja hiyo hiyo napingana na wanaosema angalau zile dawa za mwanzo zitolewe karibu na nyumbani ili kupunguza safari. Sisplatini inataka figo ziangaliwe, maji yapite kwa wingi kabla na baada, mkojo upimwe, na masikio yapimwe kabla ya kila mzunguko. Wadi ya saratani za watoto ya Muhimbili wanaifanya kazi hii kila siku. Mtoto akianza pale, daktari wa mionzi wa Ocean Road anamwona mapema, barakoa inatengenezwa kwa wakati, na siku ya kuhama kutoka dawa kwenda mionzi haigeuki kuwa mwezi.

Maana kinachoharibu tiba hii ni kukatika. Uvimbe uliopigwa mionzi kisha ukaachwa, chembe zilizosalia huzaana kwa kasi kuliko mwanzo. Katika saratani za kichwa na shingo kwa jumla, kila siku inayozidi juu ya ratiba hukata takriban asilimia 1 ya uwezekano wa kuumaliza uvimbe pale ulipo. Sasa fikiria. Wiki ya tatu au ya nne ya mionzi mdomo mzima una vidonda, mtoto hamezi hata uji, analia anataka kwenda kwao. Mama ana wengine wanne aliowaacha kwa bibi yao. Baba karudi Pemba kwa sababu karafuu zimeiva, na karafuu hazisubiri. Pesa ya mwaka mzima iko juu ya mikarafuu. Mjomba wa Kariakoo aliyewapokea kwa moyo mkunjufu ana chumba kimoja na sebule, na mwezi wa tatu mkewe ameanza kunyamaza. Kisha inaingia Sikukuu. Wanaondoka Alkhamisi kwa nia ya kurudi Jumapili, kusi limekaza, boti ya Mkoani haikuondoka, nauli ya kurudia imeliwa, na wanarudi Ocean Road baada ya siku kumi na mbili. Hakuna daktari aliyeshindwa hapo, wala mashine iliyoharibika.

Kwa upande wa gharama za tiba, Muhimbili mzigo wa saratani za watoto umebebwa kwa miaka kadhaa na serikali ikishirikiana na shirika la Tumaini la Maisha, ambalo limesaidia familia hata kwenye malazi na masomo ya watoto wakiwa wadini. Hilo ni jambo kubwa na watu wa visiwani wengi hawalijui, wakauza ng'ombe kabla hawajauliza. Lakini nauli, chakula cha mama, vocha ya simu, kipato kilichokatika nyumbani, hivyo haviandikwi kwenye cheti. Na sisi tuna jambo letu la ziada: afya si jambo la Muungano. Kuna wizara mbili, bajeti mbili, na tunao Mfuko wetu wa Huduma za Afya. Mgonjwa akivuka kutoka bandari ya Malindi, Unguja, anatoka kwenye daftari moja na kuingia kwenye jingine, na kinachoyaunganisha madaftari hayo mara nyingi ni faili lililovuka bahari ndani ya mkoba wa mama, pamoja na kanga na birika.

Ninachokitaka hapa ni kidogo mpaka naona aibu kukiandika. Mtu mmoja Pemba mwenye simu ya kazi, ambaye kila mtoto anayeshukiwa saratani jina lake lifike kwake, na mwenzake pale Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Mtu huyo ajue kinyama kiko wapi leo, ajue barua ya rufaa imetiwa saini au bado, ajue mtoto amelala wapi Dar usiku huu. Na posho ya nauli na kujikimu kwa mama, iliyoidhinishwa kwa miezi sita tangu siku ya kuvuka, isiyohitaji kurudi kwa sheha kila mwezi kuomba barua mpya ya kuthibitisha umasikini. Uadimu wa ugonjwa ndio unafuu wake: watoto wenyewe wa kuhesabika, kwa hiyo hata Mfuko ukiwalipia wote hautatikisika. Tunatumia zaidi kwenye semina.

Kijana wetu amemaliza. Picha zinaonyesha nyuma ya pua pako safi. Anarudi Micheweni, kijiji kizima kimekuja kumpokea, watu wanasoma dua. Na hapa ndipo wengi wetu tunapofunga kitabu, kumbe sehemu yetu ndiyo kwanza inaanza.

Sisplatini huua chembe nyororo za sikio la ndani, kuanzia zile za sauti nyembamba, na mionzi ikaongezea. Mtoto hawi kiziwi. Anasikia gari, anasikia adhana, ila herufi kama s, f na th zinamponyoka. Nina hakika mwalimu wa chuo cha Kurani atagundua kabla ya daktari: kijana aliyekuwa akitofautisha sini na thaa bila shida sasa anazichanganya, na akirekebishwa anakasirika. Mwalimu wa skuli aliyemwita mkaidi mara ya kwanza atamwita hivyo mara ya pili asipoambiwa. Kumweka mbele darasani ni bure. Kifaa cha kusikilizia si bure, lakini ni kitu kinachonunulika.

Mdomo nao unakauka. Tezi za mate zilizopigwa mionzi hazirudi zote. Mkate mkavu haupiti bila chai, urojo wenye ndimu na pilipili unamchoma, na usiku anaamka mara tatu kunywa maji. Mate ndiyo yanayolinda meno, basi meno yanaoza haraka. Na jino la kwenye taya lililopata mionzi haling'olewi ovyo, maana mfupa ule haufungi kidonda kama mwingine. Ndiyo sababu meno mabovu hung'olewa kabla ya mionzi, yakapewa wiki mbili za kupona, na zile wiki za dawa za dripu ndizo nafasi yake. Baadaye daktari wa meno wa Chake au Wete anapaswa kujua historia hiyo kabla hajashika koleo. Atajuaje? Mtoto hana alama usoni. Mimi ningempa kijana kadi ngumu kama ya benki, imeandikwa amepigwa mionzi wapi, kiasi gani, mwaka gani, na dawa alizopewa. (Ramadhani ikifika ataulizia kuhusu funga na ukavu ule wa mdomo, na amuulize daktari wake kwanza kisha amuulize sheikh. Vijana wengi hawaulizi yeyote. Wanafunga kimyakimya kwa kuona haya, au wanakula kwa kujificha.)

Kisha kuna tezi ya mbele ya shingo, ile ambayo ikivimba tunaiita rovu. Mionzi ya shingo huidhoofisha polepole, mwaka wa pili, wa tatu, wa saba. Kijana anachoka, ananenepa kidogo, anahisi baridi, anasinzia darasani, na kwa kuwa amekwisha kuugua sana watu wanamwonea huruma badala ya kumpima. Tiba yake ni kidonge kimoja cha kila siku, cha bei ya chini. Na tezi nyingine, ile ndogo chini ya ubongo inayoamuru kukua, inaweza kuwa imepata mionzi vilevile, kwa hiyo urefu wake uandikwe kila mara anapokuja. Kipimo cha ile tezi ya shingo, kinachoitwa TSH, kinataka damu kidogo ya mkononi, mara moja kwa mwaka, kwa maisha yake yote. Hakitaki boti. Kinataka tu mtu wa kukikumbuka.

Mfanye sasa ana miaka 19. Amefanya mtihani wake wa Kidato cha Nne kwa kuchelewa mwaka mmoja, anamsaidia baba yake kuanika karafuu, sikio moja lina kifaa. Asubuhi ya leo ameshuka kwenye gari ya Micheweni pale Chake, amesimama dirishani na ile kadi yake mkononi, na kipande cha karatasi kilichoandikwa herufi tatu, TSH. Aliye nyuma ya dirisha anaigeuza karatasi, anamtazama kijana mzima wa afya aliyesimama mbele yake, na anamuuliza anaumwa nini.